Mpunga, Buibui na Bomba la Dawa



Mkulima akiona wadudu shambani, mkono hukimbilia bomba la kupulizia dawa. Wakulima wa mpunga nchini Indonesia walifanya hivyo miaka ya 1970 na 1980, tena kwa dawa zenye ruzuku ya serikali. Mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga akazidi kuongezeka.

Siri iko kwenye shina. Jike hutaga mayai ndani ya ala ya jani, ambako dawa haifiki. Nje, buibui wanaowinda mashinani hufa. Mayai yakianguliwa, watoto hukuta shamba halina mlinzi.

Mwaka 1986 Rais Suharto wa Indonesia alipiga marufuku viuatilifu 57 kwenye mpunga, na baadaye ruzuku ikaondolewa. Mavuno hayakuporomoka.

Huko huko, mwaka 1989, yalianza mashamba darasa: wakulima wanahesabu wadudu waharibifu na maadui wao kabla ya kuamua kupuliza. Mfumo huo umeshafika Kenya na Tanzania. Basi maofisa ugani wanaohimiza dawa dhidi ya viwavijeshi vamizi kwenye mahindi waanze kwa kuwaonyesha wakulima sisimizi, nyigu na buibui wanaowala viwavi hao.

Msomaji, Morogoro