Vitabu Tunavyobishania Huku

Minneapolis, Minnesota

Kwenu ndugu, jamaa na marafiki mlioko Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na kokote barua hii itakakofika,

Theluji imeanza kuyeyuka na watoto wanaendelea na shule. Habari nyingine za huku mnazipata kwenye simu kila uchao, sina haja ya kuzirudia. Leo nawaandikia habari za vitabu, na nina ombi kwenu.

Kuna kikundi chetu cha watu wanaozungumza Kiswahili, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi katika chumba cha mikutano cha maktaba ya umma. Wamo wauguzi, dereva wa lori, wanafunzi wa chuo, mama mwenye duka la nguo, na mwalimu mstaafu kutoka Kakamega aliyesahihisha majibu ya fasihi kwa miaka mingi. Tunachagua kitabu kimoja, tunakisoma, halafu kila mtu anasema alivyokiona. Mwalimu ndiye aliyetuwekea sharti: usitaje dhamira wala maudhui kabla hujasema kama kitabu kilikugusa, kilikuchosha au kilikukasirisha, na ni katika ukurasa gani. Anasema amechoka kusoma majibu yanayofanana kutoka kwa watoto wasiofanana.

Tulianza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Wakubwa kati yetu walikisoma kwa kificho, maana kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Muuguzi mmoja wa Mwanza alisema alipokuwa msichana aliambiwa kitabu kile ni onyo kwa wasichana, naye akakisoma hivyo hivyo, kama onyo. Sasa ana binti zake, na safari hii hakuweza kumpita Zakaria. Alikwama pale baba anapompiga mtoto wake kwa sababu ya barua ya mvulana, akafunga kitabu, akakaa siku kadhaa bila kukigusa. Kwake yeye, kitabu ni cha Zakaria tangu mwanzo hadi mwisho, na wanaopaswa kukisoma ni akina baba.

Bwana mmoja wa Dodoma akapinga. Alisema tukimbebesha Zakaria mzigo wote tunawaachia wengine waende huru: walimu, wakubwa wenye vyeo, wanaume wote waliomwona Rosa na kila mmoja akamtaka kwa faida yake. Hapo binti mmoja mwanafunzi wa chuo, aliyeletwa Marekani akiwa mdogo, akauliza jambo ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Kwa nini mwandishi hakumpa Rosa nafasi ya kuishi? Alisema Kezilahabi anampenda Rosa, hilo linaonekana wazi, lakini hajui la kumfanyia akiwa hai, kwa hiyo anamuua. Ukumbi ulichemka. Tulibishana mpaka mfanyakazi wa maktaba akaja kutuambia muda wa kufunga umefika. Mimi niko upande wa yule binti. Kifo cha Rosa kinamfika mapema mno, na kinatuondolea swali gumu zaidi: msichana aliyeumizwa namna ile ataishije baadaye, katika kijiji kile kile, na watu wale wale?

Kitabu cha pili nilikipendekeza mimi, na mnajua kwa nini. Shaaban Robert ni wetu, kaburi lake liko Machui, na mtu wa Tanga hawezi kukaa kwenye kikundi cha wasomaji asitaje Kusadikika. Maoni ya kwanza yalikuwa baridi. Mhasibu mmoja wa Nairobi alisema majina ya wahusika yanamalizia mambo mapema: ukishasikia waziri anaitwa Majivuno, unajua atasema nini kabla hajafungua kinywa, na yeye anapenda riwaya inayomshtukiza. Ni hoja ya haki, sikuibisha.

Kisha akasema kijana mmoja mzaliwa wa Fizi, Kivu ya Kusini, aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kiswahili chake kina Kongo ndani na Kasulu ndani, na alikuwa hajawahi kukisoma Kusadikika. Alisema hicho ndicho kitabu cha kweli kuliko vyote tulivyosoma. Mtakumbuka kwamba Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha uanasheria, na anapewa siku sita za kujitetea. Utetezi wake wenyewe ni masimulizi: anaeleza safari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, waliorudi na mambo mema na bado wakatupwa gerezani. Yule kijana akatueleza mahojiano ya wakimbizi wanaoomba kuhamishiwa nchi nyingine. Unakaa mbele ya ofisa, unasimulia yaliyoipata familia yako, anaandika. Miezi inapita, unaitwa tena, mbele ya ofisa mwingine, na maandishi ya wa kwanza yako mezani. Ukikosea tarehe, unaulizwa. Ukisahau jina la kijiji, unaulizwa. Ukilia, wanasubiri unyamaze, halafu wanauliza tena. Kwa hiyo alimsoma Karama huku amebana pumzi, siku baada ya siku ya ile kesi, akihofia asije akateleza akapoteza kila kitu.

Nimesoma uhakiki mwingi wa Kusadikika. Wote unaniambia kwamba kitabu kilichotoka mwaka 1951, kikiwa kimeandikwa na mtumishi wa serikali ya kikoloni, kilificha madai yake katika nchi ya kufikirika iliyoko angani, na hilo ni kweli. Lakini hakuna mhakiki aliyewahi kunionyesha jinsi inavyokuwa kwa mtu ambaye uhai wake unategemea kusimulia vizuri, kwa mpangilio, bila kuchoka, mbele ya watu wenye uwezo wa kumfunga au kumwachia. Kijana wa Nyarugusu alinionyesha hilo kwa dakika kumi, na tangu siku ile siwezi tena kukisoma kitabu kile bila kumwona yeye kwenye kile kiti.

Kwa Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, alituongoza mzee wa Mombasa ambaye baba yake alikuwa mpagazi bandarini Kilindini. Riwaya inamfuata Rashidi na makuli wa Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948. Mzee alisema kazi yenyewe imeandikwa sawasawa: uzito wa gunia, jasho, serangi anayepiga kelele, mtu anayevunjika na mwenzake kuchukua nafasi yake siku hiyo hiyo. Asichokubali ni mazungumzo. Alisema makuli wa kwenye kitabu wanaongea siasa kwa unyoofu mno, ilhali baba yake na wenzake waliongelea bei ya unga, kodi ya chumba na deni la dukani, na mgomo ukazaliwa humo humo. Akatusimulia ule wa Mombasa wa Januari 1947, jiji zima liliposimama na wafanyakazi wakawa wanakutana kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na jinsi jina la Chege Kibachia lilivyokuwa likitajwa nyumbani kwao hata baada ya serikali kumkamata na kumpeleka Kabarnet. Dereva wetu wa lori, ambaye siku zote husema kidogo, alimjibu kwamba mwandishi ana haki ya kuwapa makuli maneno ambayo ukweli uliwanyima. Nami naona wote wawili wamesema kweli. Laiti Adam Shafi angekuwamo chumbani siku ile akawasikia.

Vingine nitavipitia haraka. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, iliwafanya wazee wawili kurudi utotoni. Walimwongelea Bwana Msa na kiko chake kama jirani yao wa zamani, wakati vijana walilalamika kwamba anachukua muda mrefu kufumbua fumbo ambalo wao walishaliona. Nagona ya Kezilahabi, kitabu chembamba, wengi hawakukimaliza na walikiri hivyo. Mwenye duka la nguo alikisoma mara mbili akimuuguza mumewe hospitalini, akasema hawezi kueleza kinahusu nini lakini anajua kwa nini alikirudia, na hatukumsukuma aseme zaidi.

Siku Njema ya Ken Walibora ilituletea ugomvi wa kindugu. Wakenya walikuja na sentensi nzima nzima kichwani, maana walipokuwa shule walizinakili kwenye daftari zao za insha. Mtanzania mmoja akasema lugha ile imepambwa kupita kiasi, misemo imejaa mpaka inamziba Kongowea mwenyewe na ile safari yake ya kumtafuta baba. Kukawa kimya. Walibora alifariki Nairobi Aprili 2020, na kuna wanaomlilia hadi leo kama ndugu wa damu. Mwalimu wa Kakamega, aliyekuwa akimpenda kuliko wote, ndiye aliyemtetea yule Mtanzania. Alisema mwandishi anayesifiwa tu anazikwa mara ya pili. Nilifurahi mno kusikia hivyo kutoka kwake.

Halafu ikaja Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Wengine walikuwa wamekisoma kwa Kiingereza kabla, na wote hao walisema sasa ndipo walipowasikia akina Ami Aziz wakizungumza. Ubishi ukawa kwenye mwisho, pale Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, anapoukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Mhasibu wa Nairobi alikasirika kabisa: kurasa zote zile za kumsubiri aamke, halafu anakimbilia kwa watu waliokuja kuiteketeza nchi! Yule kijana wa Fizi akamwuliza kwa upole ni mlango gani mwingine uliokuwa wazi. Hakuna aliyeshinda. Wiki nzima baadaye ujumbe ulikuwa bado unaingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa nane za usiku, watu wakiwa kwenye zamu kazini.

Ndugu zangu, nimewasimulia haya yote kwa sababu nimegundua maoni ya namna hii siyapati popote yakiwa yameandikwa. Wasomi wana majarida yao, Kiswahili na Mulika pale Dar es Salaam, na kazi yao naiheshimu. Watahiniwa wana miongozo, inayouzwa kandokando ya barabara, imekwisha kuwaambia ujumbe ni nini na falsafa ya mwandishi ni ipi hata kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza. Taifa Leo limekuwa likifungua ukurasa wa fasihi na watu wakajibizana humo, nalo nalishukuru. Lakini msomaji wa kawaida, aliyenunua kitabu kwa hela yake kwa sababu anapenda kusoma, anasemea wapi? Huyo anasoma, anafunga kitabu, analala na maoni yake.

Na hili lina madhara yake. Angalieni Kenya: Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilikuwa kitabu teule, ikafuata Kidagaa Kimemwozea, ikafuata Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ikafuata Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kila orodha inapobadilika, kizazi kizima kinahama kwa pamoja, na kitabu cha jana hakitajwi tena, kana kwamba Maimuna wa Utengano alikuwa na la kutuambia kwa miaka ile tu ya mtihani. Mchapishaji naye ana hesabu zake, atachapa kilichoamriwa na wizara. Atajuaje kwamba kuna watu wanaotaka Kuli irudi madukani kama hakuna anayesikika akiitaja? Waandishi wetu wanaandika bila kujua wamemliza nani na wamemchosha nani. Jambo hilo linaniuma, na naamini tunaweza kulipunguza sisi wenyewe bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Basi ombi langu ni hili. Tusomeni pamoja. Hatuhitaji uchambuzi. Mtu asome, kisha achukue simu, ajirekodi dakika tatu au nne, aseme alivyokiona kitabu na ukurasa uliomfanya aseme hivyo. Wasioweza kusoma kwa sababu ya macho wasomewe na wajukuu, kisha wao ndio waseme. Shangazi Tanga, najua unanisikia kupitia kwa anayekusomea barua hii: wewe ndiye wa kwanza ninayekungoja. Maoni ya kukiponda kitabu yaleteni vilevile, tena hayo yaleteni mapema. Sisi tutayasikiliza Jumamosi yetu, tutayajibu, na majibu tutawarudishia. Yakishakuwa mengi tutayaandika na kuyapeleka gazetini, bila majina ya wasiotaka kutajwa.

Kitabu kinachofuata ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, cha mwaka 1976. Walioko Unguja nawaomba kwa namna ya pekee, hasa wenye kumbukumbu za mashamba ya zamani, maana yanayowapata Rehema na Sulubu kuhusu ardhi waliyoilima kwa mikono yao wenyewe, sisi huku tunayasoma kama hadithi, na kwenu kuna wazee walioyaona. Tuna nakala tatu tu kwa watu wote, moja haina jalada na imepoteza kurasa za mwisho. Mkiipata kwenye maduka ya vitabu vya zamani, nunueni, nami nitarudisha hela siku hiyo hiyo. Mpeni mjomba anayekuja Juni aiweke kwenye begi la mkononi, na mkumbusheni asiifunge pamoja na samli.

Ndugu yenu,
Minneapolis