Pikipiki ya Ukambani Ichaguliwe kwa Njia, Si kwa Macho

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangaliishi leo wakaona jinsi pikipiki zilizotumika zinavyouzwa mjini Kitui na Wote, nadhani wangaliongeza neno moja: kibaya hupakwa rangi kwanza. Pikipiki iliyochoka huoshwa, ikang'arishwa tangi, ikavishwa kiti kipya, kisha ikasimamishwa mahali penye wapita njia wengi. Ile iliyo nzima, yenye mavumbi na mikwaruzo yake, mara nyingi imo nyumbani kwa mwenyewe na hakuna anayeitangaza.

Leo nataka kusema juu ya aina moja ya pikipiki ambayo vijana wetu huiita skrambla. Ni ile ndefu, yenye shokamzoba ndefu, tairi zenye meno na madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu ya gurudumu, lakini ina taa na namba kama nyingine, basi yaruhusiwa kupita kwenye lami. Yamaha walitoa DT-1 yao mwaka wa 1968, na baadaye Honda wakaja na XL zao. Vijijini kwetu chombo hicho kilikuwa alama ya mtu mwenye kazi ya kuzunguka: bwana mifugo, afisa wa kilimo, padri. Hata leo kijana akipita juu yake watu hugeuza shingo. Na hapo ndipo taabu inapoanza, kwa maana wengi hununua zile shingo zinazogeuka.

Chukua mwalimu au muuguzi anayelala mjini na kufanya kazi kijijini. Anunue pikipiki gani? Maoni yangu ni haya: asichague kwa ajili ya njia anayoipita sana. Achague kwa ajili ya zile kilomita chache zilizo mbaya kuliko zote, na kwa kumfikiria fundi aliye karibu nazo.

Tusisahau kwamba njia zetu zimebadilika. Kutoka Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo sasa ni lami. Kutoka Machakos hadi Wote ni lami, na kutoka Wote hadi Makindu vilevile. Mtu aweza kwenda mbali bila kuona vumbi. Lakini akiiacha lami kuelekea Mutha au Voo, hukutana na mchanga mzito wa mito mikavu. Akipanda milima ya Mbooni au Kilungu, hukutana na mawe na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ya Novemba inaponyesha. Safari ya kilomita 40 yaweza kuwa lami kilomita 34, lakini zile sita zilizobaki ndizo zitakazoamua kama mwalimu atafika darasani.

Kwa haki lazima niseme kwamba si kila mtu ahitaji skrambla. Bajaj Boxer na TVS, zilizoenea sana baada ya Serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, zimewafaa watu wengi. Vipuri vyake hupatikana hata sokoni kijijini, na fundi huzifungua akiwa amefumba macho. Ikiwa njia yako ni changarawe iliyolimwa vizuri na greda, nunua hiyo na uishi kwa amani. Lakini gurudumu lake la mbele ni dogo, la inchi 17, na katika mchanga mzito huzama na kukupeleka litakako. Skrambla nyingi zina gurudumu la mbele la inchi 21. Hilo hupanda juu ya jiwe na kuukata mchanga. Tofauti hiyo huwezi kuiona dukani. Utaijua siku ya kuvuka mto Thua ukiwa mkavu.

Basi ukishaamua kununua skrambla, usitamani kubwa. Injini ya cc 125 hadi 200, inayopozwa kwa hewa na isiyochanganya oili na petroli, yatosha kabisa. Honda XL 125 na XL 185 ni za namna hiyo. Yamaha DT ni nyepesi na ina nguvu, na AG 100 iliundwa kwa ajili ya wakulima hata cheni yake ikafunikwa yote isiliwe na vumbi. Lakini hizo mbili huunguza oili pamoja na petroli, na siku utakapokosa oili ya haki ukatia yoyote, injini itakudai. Pikipiki ya cc 600 yaweza kuzidi kilo 150. Ikikulalia mchangani saa nane mchana, peke yako, ndipo utakapoujua uzito wa majivuno.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawapendi kulisikia, nalo ni kimo cha kiti. Katika mchanga watu wengi huanguka wakiwa wanakwenda polepole au wamesimama, kwa sababu mguu haukufika chini. Panda, kisha simamisha nyayo zako. Ukigusa kwa ncha za vidole tu, hiyo si yako. Tena fikiria ni nani atakayeketi nyuma yako. Vijijini kwetu pikipiki ya mwalimu ndiyo gari la wagonjwa la jirani zake. Mama mzee mwenye homa hawezi kukipanda kiti kilicho juu ya kiuno chake, wala mama mjamzito. Chombo kisichoweza kumpeleka mama hospitali, sifa zake nyingine zote zina kasoro.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Fika kwa muuzaji asubuhi bila kumwambia saa, na kabla ya maneno yoyote weka mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto, ameiwasha kabla hujafika, na huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Ingoje ipoe. Ikishawaka, tazama moshi: moshi wa buluu katika injini isiyochanganya oili maana yake oili inaungua ndani. Kisha fungua kisanduku cha filta ya hewa. Hapa ndipo pikipiki nyingi za Ukambani hufia. Vumbi letu ni laini kama unga, na likipita filta husaga pistoni na silinda kama msasa. Ukikuta mchanga upande wa ndani wa filta, mshukuru mwenyeji kwa chai na uende zako.

Tazama pia chini ya pedali za miguu na penye kibebeo cha mizigo kama fremu imewahi kuchomelewa. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi. Iliyolegea hutoa sauti nzito. Shika gurudumu la mbele ulitikise, na la nyuma vilevile. Likicheza, beringi zimekwisha. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama ndoana, cheni na sproketi zote ni za kubadilishwa. Washa taa injini ikizunguka polepole, kwa sababu nyingi za zamani zina umeme wa volti 6 tu, nao punda wa kubebea maji hawavai taa gizani. Mwisho, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizoandikwa katika kitabu cha usajili. Moja isipolingana, hununui pikipiki, wanunua kesi.

Wako wanaopenda zile zinazouzwa kwa mnada na idara au mashirika. Hizo zaweza kuwa nzuri, maana zilikuwa na ratiba ya kubadilishwa oili. Lakini zimepita mikononi mwa watu wengi, na kitu cha wote mara nyingi hakina wa kukihurumia. Zikaguliwe vivyo hivyo.

Wala mtu asidhani kwamba skrambla humpa ruhusa ya kuvuka mto uliofurika. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi, mto Enziu ulilichukua basi zima lililokuwa likipeleka watu arusini, na watu zaidi ya 30 wakafa. Maji yaliyolishinda basi hayataiheshimu pikipiki ya kilo 110, hata iwe na tairi za meno namna gani. Kungoja ng'ambo saa tatu si aibu.

Neno langu la mwisho ni juu ya fedha. Mwenye shilingi 100,000 asinunue pikipiki ya shilingi 100,000. Anunue ya 75,000, na zile 25,000 zibaki kwa kuhamisha umiliki, bima, cheni, tairi, kofia ngumu, pampu na viraka vya miba ya migunga. Na kabla ya kulipa hata senti, aende kwa fundi wa soko lililo karibu na kazini kwake amwulize swali moja: tairi ya inchi 21, sahani za klachi na kebo za pikipiki hii nitazipata wapi, na kwa siku ngapi? Fundi akicheka, basi aiache pikipiki hiyo hata ikiwa inameta kama kioo, kwa kuwa asubuhi ya Jumatatu watoto hawatafundishwa na pikipiki inayongojea kebo kutoka Nairobi.