Safari Moja, Halmashauri Nne: Dar es Salaam Yahitaji Mamlaka ya Usafiri na Mipangomiji

Mwanafunzi akaaye Chamazi na kusoma upande wa Mwenge huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Hupanda gari hadi Mbagala Rangi Tatu, akapanda jingine lifuatalo Barabara ya Kilwa, kisha Barabara ya Mandela na ya Sam Nujoma. Katika safari hiyo moja amepita Temeke, Ilala, Ubungo na Kinondoni, yaani halmashauri nne. Yeye mipaka hiyo haioni. Alionalo ni kituo kilichojaa watu, na kondakta asiyependa kupakia wanafunzi kwa kuwa nauli yao ni ndogo.

Hoja ya makala haya ni kwamba shida ya mwanafunzi huyo haitokani na uchache wa mabasi peke yake. Inatokana pia na kukosekana kwa chombo kimoja chenye wajibu wa kuitazama safari yake yote, tangu mlangoni kwake hadi darasani.

Tuangalie jinsi kazi zilivyogawanywa. Leseni na nauli za mabasi ni kazi ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Barabara kuu zashughulikiwa na TANROADS, na zile za mitaani na TARURA. Mabasi yaendayo haraka yako chini ya Wakala wa DART, ulioanzishwa mwaka 2007, na ambao huduma yake ya kwanza, kati ya Kimara na Kivukoni, ilianza Mei 2016. Kivuko cha Kigamboni kimo mikononi mwa TEMESA, na reli mikononi mwa mashirika ya reli. Upimaji wa viwanja na utoaji wa vibali vya ujenzi ni kazi ya kila halmashauri katika eneo lake. Kila mmoja ana kazi yake halali, lakini wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Jiji limewahi kuwa na mratibu. Mwaka 2000 zilipoundwa manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, Halmashauri ya Jiji iliwekwa juu yake ili kuunganisha mambo yanayozihusu zote. Baadaye manispaa za Ubungo na Kigamboni zikaongezwa. Februari 2021 Halmashauri hiyo ya Jiji ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Zilikuwapo sababu za kupunguza gharama za kuendesha ngazi mbili za madiwani. Lakini kazi ya uratibu haikwisha kwa kuondoka kwa ofisi iliyopewa kazi hiyo.

Msomaji aweza kuuliza: uratibu utaleta nini, ikiwa mabasi hayaongezwi? Hesabu nyepesi yatosha kujibu. Tuchukue kituo kipitiwacho na mabasi manne kwa saa, na abiria wafikao wakati wowote. Mabasi yakipishana kwa dakika 15 barabara, abiria atangoja kwa wastani nusu ya muda huo, yaani dakika 7 na nusu. Mabasi hayo hayo manne yakifika kwa pamoja mara moja kwa saa, wastani wa kungoja utakuwa dakika 30. Basi halikupunguzwa hata moja, lakini adha imezidi mara nne. Daladala hufuatana namna hii kwa sababu inayoeleweka: dereva anadaiwa hesabu ya siku na mwenye gari, hivyo husubiri kituoni hadi gari lijae. Hatuna haki ya kumlaumu dereva peke yake wakati utaratibu wenyewe wamlazimisha kufanya hivyo.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa ndipo penye uzito zaidi. Mwaka 1978 Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 843,090. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu hao wamejenga kuelekea pembezoni. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima viwanja katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Toangoma na Kibada. Ulikuwa mradi wa manufaa. Hata hivyo, kupima kiwanja mbali na kazi, soko na hospitali ni sawa na kuamuru safari mbili kila siku kwa kila mkazi. Mpimaji wa ardhi, pasipo kukusudia, ndiye mpangaji wa kwanza wa usafiri. Kama hakai meza moja na mwenye mabasi, barabara itatafutwa baada ya nyumba kusimama, na fidia italipwa kwa gharama kubwa.

Wako wanaohofia kurudi enzi za UDA. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1974 kuhudumia jiji, likaelemewa, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Hofu hiyo ina msingi, lakini yachanganya mambo mawili. UDA lilikuwa mwendeshaji wa mabasi. Mamlaka tunayoizungumzia isimiliki hata basi moja. Ipange njia, ratiba, vituo na tiketi, kisha iingie mikataba na waendeshaji, wakiwamo wenye daladala waliojiunga katika ushirika.

Wengine watasema tunaongeza ofisi juu ya ofisi. Ni kweli, ikiwa mamlaka hiyo itakuwa kamati ya kushauri tu. Lagos ilitunga sheria na kuunda mamlaka yake ya usafiri mwaka 2002, na mwaka 2008 njia za mabasi zikafunguliwa. Nairobi nayo ilipata mamlaka inayohusisha kaunti tano mwaka 2017, lakini kwa Amri ya Rais. Sisi tuanze na sheria ya Bunge, yenye kuhamisha madaraka kutoka ofisi zilizopo badala ya kuyarudufu. Mamlaka iwe na fungu lake la fedha. Mradi wowote mkubwa wa viwanja usiidhinishwe kabla haijathibitisha jinsi wakazi watakavyosafiri. Na mipaka yake ifuate safari za watu: ifike Vikindu, Kibaha na Mapinga, ingawa huko ni Mkoa wa Pwani.

Walimu wa hisabati na jiografia waweza kuanza kazi hii kabla ya Bunge. Wanafunzi wasimame kituoni kwa saa moja, waandike dakika ya kufika kwa kila basi, kisha wakokotoe wastani wa kungoja na kuulinganisha na ule ambao ungepatikana kama mabasi yangepishana sawasawa. Tofauti watakayoiona ni muda wa kusoma na wa kulala uliopotea barabarani, na wao ndio wanaoupoteza.