Nani Atafaidi Sauti ya Iritungu?

Wapo wanaodai kwamba mwanamuziki wa Kehancha hana budi kufunga safari ya Nairobi kutafuta kampuni ya kumrekodi, la sivyo sifa zake zitakomea Isebania. Zamani dai hilo lilikuwa na uzito. Leo limepitwa na wakati.

Tuwatazame jirani zetu wa Tanzania. Singeli, muziki wa kompyuta unaokimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ulikulia katika studio ndogo za uswahilini Dar es Salaam. Mwaka 2017, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio mojawapo, Sisso, nao ukasikika hadi Ulaya. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya roki nzito na makelele ya mitambo. Si muziki wa kumwekea mgeni anayekunywa chai! Hata hivyo, walifika mbali bila kuzibembeleza kampuni kubwa.

Basi kijana wa Kehancha mwenye kompyuta anaweza kujaribu. Tena anayo hazina: iritungu, kinubi kikubwa cha Wakuria chenye sauti nzito inayonguruma. Majirani zetu Waluo wameshaonyesha njia kwa nyatiti na benga. Ayub Ogada alitoa albamu yake mwaka 1993 kupitia Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Extra Golden, bendi ya Wakenya na Wamarekani, ilioanisha benga na roki kuanzia albamu yake ya 2006. Mwaka 2011, wanamuziki wa London walitoa albamu pamoja na mpiga nyatiti Joseph Nyamungu kwa jina la Owiny Sigoma Band.

Katika mifano hiyo yote, mpigaji wetu alikuwapo na jina lake likaandikwa. Wasiwasi wangu ni juu ya siku ambapo hatahitajika kuwapo. Mitambo ya kisasa humwezesha mtu kuchukua sauti ya iritungu iliyonaswa sherehani, akaikata vipande, akairudiarudia juu ya ngoma za kompyuta, kisha akaiuza kama yake. Mzee aliyezicharaza nyuzi hizo hatapata hata habari, sembuse senti.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mtunzi na mtumbuizaji. Lakini wimbo uliorithiwa na ukoo mzima mtunzi wake ni nani? Ndiyo maana Bunge lilipitisha sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na kuzikabidhi kaunti kazi ya kuziandikisha. Isitoshe, sheria ya Kenya hukomea mpakani, ilhali Wakuria wako Tarime pia, na sauti hiyo ni yao vilevile.

Sipendekezi kwamba vijana wazuiwe kufanya majaribio. Iritungu iliyofungiwa kabatini ni kuni tu. Ninachotaka ni wao wawe wa kwanza, wakiwa na wazee wao studioni. Nayo Serikali ya Kaunti ya Migori iwatangazie wakazi wa Kuria, hadharani mjini Kehancha, ni nyimbo zipi za iritungu zilizokwisha kuandikishwa, na kwa jina la nani.