Fumbo si dharau

Wandugu wanafunzi, kuko maneno yenye tunachanganya ovyo. Mtu akisema jambo la kuchekesha na uso wake mukavu, yeye mwenyewe bila kucheka, mara moja tunasema: "Uyu iko na dharau!" Na nyuma ya dharau kunafuata azabu. Mimi naona si haki.

Tupime maneno yetu. Mzaha ni wa kucheka wote. Kejeli inamuchoma mutu. Dharau inamuweka chini. Lakini fumbo ni kitu kingine: kinywa kinasema hivi, maana inasimama pengine. Watu wa pwani wana neno la kufanana: kinaya. Wafransa wanaita ironi.

Mufano tuko nao nyumbani. Tangu miaka mingi Wakongomani wanasema "Artikle 15", maana yake: jitafutie mwenyewe. Wanaitaja kwa sauti ya hakimu, kama vile ni sheria kweli. Fungua Katiba ya 2006: kifungu 15 hakisemi vile hata kidogo! Mama wa soko pale Kikula akijibu "Artikle 15", hatukani mtu. Anafunika shida yake kwa heshima, na mwenye kusikia anajua ni nani alipashwa kumusaidia.

Basi, ndani ya darasa, mbele ya kuitika "dharau", tuulize kwanza: maneno haya yameshusha nani? Kama hayakushusha mtu, njo fumbo tu. Na fumbo inaomba akili, haiombi fimbo.