Sindano ya shingo si ruhusa ya kurudia mzigo

Ndugu mfanyakazi,

Umeamka kwenda kazi, shingo imekakamaa. Maumivu yanashuka begani, yanapita mkononi mpaka vidoleni, na vidole vinakufa ganzi. Unamwambia bibi yako: «Nitachomwa sindano moja, kesho niko kazini.» Juu ya neno hilo tunataka kusema nawe leo.

Kwanza ujue kinachouma. Shingo ina mifupa 7 iliyopangana. Kati ya mifupa hiyo kuna diski, vipande laini vinavyopunguza kishindo. Kwa umri, na pengine kwa mizigo na mitikisiko ya miaka mingi, diski inaweza kupasuka. Ute wake unatokeza na kubana neva inayokwenda mkononi, na neva inavimba. Ndiyo sababu ugonjwa uko shingoni, lakini mkono ndio unaolia.

Sindano wanayoitumia wanganga ni ya dawa za jamii ya kortizoni. Inatuliza uvimbe karibu na neva. Hairudishi diski mahali pake wala haizibi ufa wake. Mgonjwa mmoja hupata nafuu ya majuma au miezi. Mwingine hapati kitu.

Wagonjwa wengi wa namna hii hupata nafuu ndani ya majuma 6 mpaka 12 bila kupasuliwa: kwa dawa za maumivu, kwa kuacha mizigo mizito, na kwa mazoezi wanayofundishwa hospitalini. Kwa hiyo sindano si mlango wa kwanza wa kugonga.

Tena ina hatari. Shingoni, mishipa ya damu inayolisha ubongo na uti wa mgongo iko karibu sana na njia ya sindano. Mwaka 2014 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia madawa ilionya kwamba kortizoni ikichomwa kandokando ya uti wa mgongo inaweza, kwa nadra, kuleta upofu, kupooza, hata kifo. Kazi hiyo ni ya munganga aliyeisomea, mwenye mashine ya picha inayomwonyesha ncha ya sindano ilipo. Si kazi ya mchoma sindano wa mtaani, hata akiwa rafiki yako, hata akikukopesha. Na kabla ya kuchomwa, usifiche kama una kisukari au kifua kikuu. Kortizoni hupandisha sukari na hupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa.

Wengine watasema: «Nyinyi mnaongea, lakini watoto wanataka kula.» Ni kweli. Lakini maumivu ni kama king'ora cha mgodini. Ukikata waya wake, kelele inakwisha. Moshi bado uko. Anayechomwa leo na kesho kubeba mzigo uleule amenyamazisha king'ora tu. Akiharibikiwa kabisa, ni nani atawalisha watoto hao?

Kwa hiyo tunasema wazi na kwako kapita: mtu akileta karatasi ya munganga, mpe kazi nyepesi. Usimwite mvivu. Majuma machache ya kazi nyepesi ni bora kuliko kumpoteza fundi wa miaka 20.

Na wewe mama wa nyumbani, mwangalie bwana yako. Akianza kuangusha vikombe, akishindwa kufunga vifungo vya shati, miguu ikilegea, au akishindwa kuzuia mkojo au choo, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali saa ileile, maana uti wa mgongo wenyewe unaweza kuwa umebanwa.

Ndugu, ikiwa munganga amekushauri sindano, muulize: kwa nini sasa, utanichomaje, na baada yake nitafanya kazi gani? Swali la tatu usilisahau. Ndilo litakalokulinda siku utakaporudi kazini.