Majanga hayajui mipaka ya majimbo: magavana waandikiane mkataba mapema

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano Nyiragongo ililipuka na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Siku tano baadaye, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliamuru wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za mji wahame mara moja. Watu wapata 400,000 walitoka. Waliambiwa waelekee Sake, lakini wengi hawakuishia hapo. Waliendelea hadi Minova, wengine wakapanda boti kwenda Bukavu, wengine wakavuka kuingia Rwanda.

Minova iko wilayani Kalehe, Kivu Kusini. Kwa maneno mengine, amri ya gavana mmoja ilipeleka watu kwa gavana mwingine. Waliowapokea ni familia, makanisa na shule. Wakongomani hawajashindwa kupokeana, hilo linajulikana. Lakini moyo mwema hauchimbi vyoo wala hautii dawa ndani ya maji. Nani alipe maji ya watu hao? Muuguzi wa Goma akifika kwenye kituo cha afya cha Minova, anafanya kazi chini ya nani? Mafuta ya gari la wagonjwa yatoke kwenye bajeti ya jimbo gani? Maswali hayo hayapaswi kutafutiwa jibu siku ambayo watu wameshafika na magodoro kichwani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi, katika wilaya hiyohiyo ya Kalehe. Vijiji hivyo viko kandokando ya Ziwa Kivu, kati ya Bukavu na Goma. Anayetazama ramani anaona wazi: boti na madaktari wa jimbo jirani wako karibu mno kuliko Kinshasa.

Sheria haikatazi. Kifungu cha 199 cha Katiba kinaruhusu majimbo mawili au zaidi kupatana ili kulinganisha siasa zao na kuendesha pamoja baadhi ya huduma. Kifungu cha 200 kimeweka Mkutano wa Magavana, chini ya Rais wa Jamhuri. Mlango upo, kinachohitajika ni kuufungua.

Marekani ilifanya hivyo. Baada ya kimbunga Andrew kupiga Florida mwaka 1992, majimbo ya kusini yalianza kupatana, na mwaka 1996 bunge la nchi likaidhinisha mkataba wa kusaidiana. Gavana anatangaza hali ya dharura, anataja anachohitaji, jirani anasema alicho nacho na bei yake. Jimbo lililoomba ndilo linalorudisha gharama, na leseni ya daktari mgeni inatambulika. Mwaka 2005, baada ya Katrina, watu zaidi ya 60,000 walitumwa kwa njia hiyo, wengi wao askari. Mkataba haukuzuia uzembe wote wa wakati ule, lakini msaada wa majirani ulijua pa kupitia.

Kuna watakaosema majimbo ya Kongo hayana pesa, kwa kuwa asilimia 40 ya mapato ambayo Katiba inayapa haifiki inavyopaswa. Ni kweli. Lakini maskini ndiye anayehitaji zaidi kupatana na jirani mapema. Tena si kila msaada ni pesa: kuna boti, mahema, wauguzi, na simu ya kuonya kwa wakati.

Wengine watataja vita. Tangu M23 kuteka Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, majimbo mawili ya Kivu hayawezi kuwa ya kwanza kutia sahihi. Basi Tanganyika na Haut-Katanga waanze, au Ituri na Haut-Uele. Mambo manne yanatosha: nani anaomba, nani anaongoza waliotumwa, nani analipa, na watu wanapokelewa wapi. Mabunge ya majimbo yawadai magavana karatasi hiyo kabla ya mvua kubwa. Mto ukishafurika, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuiandika.